Waya Mrefu Katika Kiwanja Kifupi

Mtu aliyepata leseni ya redio ya ridhaa kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, akapewa jina la kituo lianzalo na 5H kama ilivyo kaida ya Tanzania, akanunua au akaazima mtambo wa kurusha na kupokea, aghalabu hudhani kwamba kazi imekwisha, kumbe iliyo kubwa ndiyo kwanza inabisha hodi. Mtambo hukaa juu ya nusu ya meza na hauudhi mtu. Waya, kwa upande wake, unataka mita ishirini za hewa tupu, na hewa hiyo sharti iwe ndani ya mipaka ya kiwanja chake mwenyewe, isiyokatizwa na bati la jirani wala na nyaya za umeme wa mtaa. Kwa mkaaji wa Mwembetogwa au Majengo mjini Makambako, ambako nyumba zimesongamana karibu na njia panda ya barabara ya Mbeya na ile ya Songea, au kwa mkaaji wa Mji Mwema mjini Njombe, ambaye kiwanja chake ni kidogo na juu ya udogo huo kimelala kwenye mteremko, sharti hilo husikika kama amri ya kuhama. Hana haja ya kuhama. Ana haja ya kamba ya kupimia, karatasi, na subira ya jioni mbili tatu kabla hajakata waya wowote.

Asili ya dhiki hii ni kwamba antena hufuata urefu wa wimbi, wala haiulizi ukubwa wa kiwanja. Vituo vya simu ya upepo vya zamani vilitumia mawimbi marefu mno, na kwa ajili hiyo Wajerumani walilazimika kusimamisha mnara mkubwa Dar es Salaam, mnara ambao maadui wao waliuona kuwa na thamani kubwa hata manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ikaja kuupigia mizinga tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kuanza huko Ulaya. Watu wa ridhaa waliachiwa mawimbi mafupi, ambayo wataalamu wa wakati ule waliyadharau kuwa hayafiki mbali, na dharau hiyo imekuwa neema yetu sisi wenye viwanja vidogo. Hesabu ya urefu wa waya ni nyepesi: chukua 143, ugawe kwa masafa unayoyataka kwa megahezi, na jibu ni urefu, kwa mita, wa waya wa nusu wimbi, ambao hukatwa katikati ukawa mikono miwili iliyo sawa na kulishwa kwa kebo pale ulipokatwa. Kwa megahezi 3.65 jibu ni mita 39; kwa 7.1 ni mita 20 na kidogo; kwa 14.2 ni mita 10, kwa 28.4 ni mita 5.

Ukiniuliza uanze na masafa gani, nitakujibu bila kusita kwamba uanze na megahezi 7. Mita 39 hazikai katika viwanja vya mjini ila kwa hila nyingi, na tena masafa hayo ya chini hujaa vishindo vya radi miezi yote ya mvua, hata mtu akachoka masikio kabla hajasikia salamu moja. Megahezi 14 na 28 ni rahisi kwa waya, walakini mchana huruka juu ya vichwa vya jirani zetu na kutua mbali, na mwanzilishi anayetaka kuzungumza na wenzake wa Dar es Salaam au Nairobi huambulia kimya. Megahezi 7 hutumika mchana kwa nchi hizi zetu za Afrika ya Mashariki, na usiku hufika ng'ambo. Fauka ya hayo, waya uliokatwa kwa megahezi 7 hukubali pia kufanya kazi kwenye megahezi 21, kwa sababu huko huwa ni nusu wimbi tatu zilizofuatana, na kwa hiyo mtu aliyenunua waya mmoja amepata njia mbili.

Sasa nije kwenye rai ambayo kwa ajili yake nimeshika kalamu: ukunje waya kabla hujaufupisha. Watu wengi, wakipima kiwanja na kukuta kwamba mita ishirini haziingii, hukimbilia dawa ya kufupisha waya na kutia koili katikati ya kila mkono ili kuudanganya mtambo kwamba waya ni mrefu. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini ina bei: sehemu ya nguvu huishia kuipasha koili moto, na antena huwa na choyo, ikikubali upande mdogo tu wa masafa, hata ukihama kidogo mita ya mawimbi yanayorudi huanza kulalamika. Kukunja hakuna bei kubwa hivyo, na sababu yake yafaa ieleweke, maana aliyeielewa hatahitaji tena mchoro wa mtu. Mkondo wa umeme katika waya wa nusu wimbi ni mkubwa pale katikati unapolishwa, nao hupungua kadiri unavyoelekea nchani, hata kwenye ncha yenyewe ukawa si kitu, kwa kuwa hauna mahali pa kuendelea. Kinachorusha wimbi ni mkondo. Basi ile nusu ya katikati, yaani mita 10 kati ya 20, hufanya kiasi cha sehemu saba katika kumi za kazi yote, na mita tano za kila ncha hugawana sehemu tatu zilizobaki. Ncha zaweza kuteremshwa chini, au kupindishwa upande kufuata ukuta wa uani, au moja ikashuka na nyingine ikapinda, na mtu unayezungumza naye hatatambua tofauti. Lililo haramu ni kuurudisha mkono nyuma sambamba na wenyewe kwa urefu mkubwa, kwa sababu hapo mkondo wa kwenda na ule wa kurudi huuana.

Kwa hiyo mpango wa kiwanja huanzia katikati ya waya na kwenda nje. Tafuta kwanza mahali palipo juu zaidi na pa wazi zaidi, upape huko katikati ya waya. Kisha uulize ncha zitakwenda wapi. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na miti miwili iliyopo, wakapendezwa na nafasi kati yake, na katikati ya waya ikaning'inia juu ya bati la jikoni kwa kimo cha mkono.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 12 kwa 15, ambacho ni kidogo kwa kipimo chochote. Kutoka pembe hadi pembe kina mita 19 na robo. Simika mlingoti wa mita 9 karibu na katikati, ukiegemezwa na kufungwa kwenye ukuta wa kipembe cha nyumba, upandishe katikati ya waya hadi kileleni, na kila mkono wa mita 10 uuteremshe kuelekea pembe yake hadi ncha ifike mita mbili na nusu juu ya ardhi. Mkono umeshuka mita sita na nusu, na kwa sababu hiyo umesogea mbele mita saba na sentimita sitini tu. Mikono yote miwili imekula mita 15 na kidogo za ardhi badala ya 20, na zaidi ya mita tatu zimebaki kwa kamba za kufungia. Pembe ya juu, baina ya mkono na mkono, imekuwa na nyuzi karibu 100, nayo inafaa, kwa kuwa kaida ni kutoipunguza chini ya nyuzi 90. Kiwanja kikiwa kidogo kuliko hicho, ama nyumba ikiwa imekaa vibaya hata mlingoti ukalazimika kuwa pembeni, basi mkono mmoja uende wima kiasi fulani kisha ulale, na mwingine ufuate ukuta. Sura yake itakuwa mbaya machoni, na sauti yake itakuwa njema.

Kuhusu mlingoti, wakazi wa Njombe wamebarikiwa kuliko wanaredio wengi ulimwenguni, ambao hununua fito za bati na nyuzi za kioo kwa fedha nyingi. Hapa kuna mikaratusi, kuna misindano, kuna miwati ambayo kampuni ya miwati imeipanda tangu mwaka 1949, na kuna mianzi. Mwanzi ni mwepesi, haupitishi umeme ukiwa mkavu, na watu wawili huusimamisha bila ngazi. Ila uchaguliwe uliokomaa, ukaushwe kivulini majuma kadhaa, na upakwe rangi, maana mwanzi mbichi uliosimamishwa katika mvua hupasuka kabla mwaka haujageuka. Neno moja la pembeni: mwenye shamba la mianzi ya ulanzi hatafurahi ukimwendea na panga majira ya mvua, wakati ambapo machipukizi ndiyo mtaji wake, kwa hiyo mwendee kiangazi. Fito ya mkaratusi hudumu zaidi, lakini ni nzito na huhitaji shimo la kina cha mita moja. Ukitumia mti ulio hai, usifunge waya kwenye shina wala tawi, kwa kuwa upepo wa Njombe ukivuma mti huyumba na waya hukatika. Tia kapi juu ya mti, pitisha kamba, na mwisho wa kamba uning'inize chupa iliyojaa mchanga, ipande na kushuka pamoja na mti. Hata Guglielmo Marconi, aliposikia ishara zilizovuka bahari ya Atlantiki mwezi wa Desemba mwaka 1901, waya wake wa kupokelea ulikuwa umeinuliwa na tiara, na tiara haikutulia hata dakika moja.

Kuna malalamiko ambayo huyasikia kila mwenye mlingoti wa mita tisa, ya kwamba vitabu vinataka waya wa megahezi 7 uwe mita 20 juu ya ardhi, yaani nusu wimbi, na kwamba chini ya hapo ni kupoteza wakati. Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu wa nchi za mbali wanaotaka kuzungumza na nchi za mbali zaidi. Waya ulio chini hurusha sehemu kubwa ya nguvu zake juu kwenye mbingu, na tabaka la anga lililotiwa umeme na jua huirudisha chini ikaenea pande zote kwa mamia ya kilomita. Songea iko takriban kilomita 180 kutoka Njombe kwa mstari wa moja kwa moja, Dar es Salaam yapata 570, Nairobi zaidi ya 900. Zote ziko ndani ya umbali wa waya wa chini. Fauka ya hayo, sisi tuko karibu na ikweta, ambako tabaka hilo huwa na nguvu mchana, nalo huyarudisha mawimbi ya megahezi 7 yaliyopanda karibu wima, ambayo katika nchi za kaskazini aghalabu hupenya na kupotea. Miinuko iliyo kati ya Njombe na Makambako, ambayo hukatiza redio ndogo za mkononi, haimzuii mtu anayekwenda kwa njia ya mbinguni. Ukitaka Ulaya, hiyo iko kaskazini ikielekea kidogo magharibi, na waya ulionyoshwa mashariki kwa magharibi utaielekea ubavu. Lakini kwa kimo cha mita tisa waya haubagui pande sana, kwa hiyo usijikalifishe kugeuza mpango mzima kwa ajili ya dira.

Waya wenyewe usiagizwe kutoka mbali. Waya wa kufungia umeme wa nyumba, ule ambao mafundi huuita wa moja na nusu, huuzwa kwa roli katika maduka ya vifaa vya ujenzi Makambako na Njombe, na roli moja ya mita 100 itatosha antena nne na makosa yake. Ganda lake la plastiki usilivue, kwa kuwa hulinda shaba na kutu. Ila ujue kwamba ganda huufanya waya ujione mrefu kuliko ulivyo, kwa kiasi cha asilimia tatu hivi. Hata hivyo usianze na kufupisha. Kata kila mkono mita 10 na sentimita 30, upandishe, kisha utazame mita ya mawimbi yanayorudi, ukitafuta ni wapi yanarudi machache kabisa. Tuseme umekuta ni kwenye megahezi 6.9, nawe unataka 7.1: gawanya 6.9 kwa 7.1, upate 0.972, uzidishe kwa 10.30, na jibu ni mita 10 na sentimita moja. Basi kunja sentimita 29 za kila ncha, uzizungushe juu ya waya wenyewe kwa kubana, na usizikate mpaka umeridhika, kwa maana waya uliokunjwa huweza kukunjuliwa. Ujue pia kwamba ncha zilizoteremshwa karibu na ardhi au karibu na ukuta huishusha ile namba ya megahezi, na kwa hiyo kipimo cha jirani yako si kipimo chako.

Vihami vya ncha na vya katikati hufanywa kwa vipande vya bomba la plastiki la maji vilivyotobolewa matundu mawili. Kebo ya kushukia iwe ya omu 50 ikipatikana; isipopatikana, ile ya televisheni ya omu 75 itakufaa kwa mtambo mdogo, na hasara yake ni ndogo kuliko watu wanavyohofu, ila wavu wake wa nje mara nyingi ni wa alumini, nayo haishiki risasi ya kulehemu, hivyo uubane kwa skrubu na uufunike vizuri mvua isiingie. Maji yaliyoingia ndani ya kebo hayatoki, na kebo iliyolewa maji hutupwa. Pale juu inapoungana na waya, zungusha kebo yenyewe mara kumi au kumi na mbili kuwa duara la upana wa kama sentimita 20, uifunge kwa kamba ya plastiki: duara hilo huzuia mkondo kurudi kwa nje ya kebo na kuingia chumbani, ambako hukuunguza midomo kwenye kinasa sauti na kuisumbua televisheni ya watoto.

Bati la nyumba nalo lina tabia yake. Waya uliowekwa ndani ya dari, chini ya bati, ni waya uliofungiwa gerezani, na sina ushauri mwingine juu yake ila kuutoa. Juu ya bati, jitahidi katikati ya waya iwe mita tatu au zaidi kutoka kwenye mgongo wa paa.

Kelele ni mtihani wa pili baada ya nafasi, na kwa Makambako huenda ukawa wa kwanza. Karakana za kuchomelea, mashine za kupasua mbao, njia kuu za umeme wa kilovolti 220 zinazokutana hapo, taa za bei nafuu na vidhibiti vya sola visivyo na sifa, vyote hivyo hunguruma katika masafa tunayoyatumia. Kabla hujasimika mlingoti, washa mtambo kwa betri, uzime swichi kuu ya nyumba yako, usikilize. Kelele zikipungua sana, adui yuko ndani ya nyumba, aghalabu ni chaja ya simu. Zisipopungua, tembea kiwanjani na redio ndogo ya mkulima, ujue upande zitokako, na ncha ya waya uielekeze huko, kwa kuwa ncha husikia kidogo kuliko ubavu.

Maumbo mengine yapo, nami nitayapitia kwa haraka. Waya wa mita 10 uliosimama wima kwenye mwanzi, ukisaidiwa na nyaya kadhaa zilizotandazwa chini ya majani kufuata kuta, hauli ardhi kabisa na hufika mbali usiku, lakini kwa Songea na Dar es Salaam huwa mvivu na hukusanya kelele za mtaa. Antena ya Mwingereza Louis Varney, aliyoibuni mwaka 1946 na ambayo hujulikana kwa jina la kituo chake, G5RV, ina waya wa mita 31, na nusu yake ya mita 15 na nusu hutumika viwanjani. Ni njema kwa mwenye kifaa cha kulinganisha, si kwa mwanzilishi. Koili zije mwisho kabisa, baada ya kukunja kote kushindikana.

Yaliyobaki ni ya roho ya mtu, na kwa hayo sitabembeleza. Mlingoti usisimikwe mahali ambapo, ukianguka upande wowote, wenyewe au waya wake utagusa nyaya za umeme. Na kamba isirushwe kamwe juu ya nyaya hizo kwa hoja yoyote. Ncha za waya, wakati wa kurusha kwa wati 100, hubeba volti mia kadhaa, kwa hiyo ziwe juu ya kimo cha mtu aliyenyosha mkono, na mbali na kamba ya kuanikia nguo. Kuanzia Novemba hata Aprili, kebo ing'olewe kwenye mtambo kila umalizapo na itolewe nje ya dirisha, maana radi za nyanda hizi haziagi. Mpangaji amwone mwenye nyumba kabla ya kuchimba shimo, na jirani aelezwe ule waya ni wa nini kabla hajajieleza mwenyewe kwa namna atakayopenda. Ukimkaribisha akasikia sauti ya mtu wa Songea ikitoka kwenye waya uliofungwa kwenye mwanzi, huenda akakuruhusu kufunga ncha ya pili kwenye mparachichi wake.

Shaba hunyooka kwa uzito na upepo, na viungo huota kutu. Basi mwezi wa Mei, mvua zikiisha na kabla kipupwe hakijashika, uteremshe waya, ukague kila kiungo, uupime tena kwa mita, na vipimo vipya uviandike juu ya karatasi utakayoibandika ukutani karibu na mtambo.